Msimwekee Chui Chakula Uani

Wanangu mnaojenga Maungu, Ndii na huku chini ya mlima Sagalla, nawaona. Ploti zimekatwa mpaka karibu na mpaka wa mbuga ya Tsavo, mabati mapya yanametameta, na kila anayehamia huja na tangi la maji, geti la chuma na mbwa. Tangi na geti mnavihangaikia: mnapima, mnauliza bei, mnabishana na fundi. Mbwa mnamfunga mnyororo kwenye mwarobaini nyuma ya nyumba, mnamwekea sufuria ya ugali wa jana, mnakwenda kulala. Asubuhi mnakuta mnyororo na kola, mbwa hayupo, ndipo mnakuja kuniuliza fensi ya aina gani inafaa.

Mngeuliza kabla. Lakini kwa kuwa mmeuliza, kaeni niwaambie.

Ua mnaoujenga ni wa mchana na ni wa kuzuia watu. Unatazama barabarani, una geti lenye nakshi, unamzuia mwizi na mbuzi wa jirani. Chui hapiti barabarani. Huja usiku, kwa nyuma, na huingia kwa juu. Fisi huingia kwa chini. Kwa hiyo ukiwa na pesa kidogo, usizimwage zote kuizungushia ploti nzima wavu mwembamba. Anza na kibanda kidogo cha usiku, chenye chuma pande zote na juu pia, mbwa alale humo tangu magharibi mpaka jua litoke. Ua mpana ufuate baadaye, mfuko ukiruhusu. Hili ndilo zito kuliko yote nitakayosema leo, na ndilo mtakalonibishia, kwa sababu kibanda hakionekani na wageni.

Nchi hii ina historia ya watu walioamini ua kupita kiasi. Mwaka 1898, reli ilipokuwa ikipita hapa na daraja la mto Tsavo likijengwa, simba wawili madume wasio na manyoya ya shingoni waliwala wafanyakazi kwa miezi kadhaa. Wafanyakazi wale hawakulala wazi. Walijizungushia maboma ya miiba, wakakoka moto usiku kucha. Simba walizunguka mpaka wakapata mahali miiba ilipopungua, wakapenya, au wakaruka juu. John Henry Patterson, aliyesimamia ujenzi wa daraja, aliwapiga risasi wote wawili Desemba ya mwaka huo, na leo ngozi zao zimejazwa na kusimamishwa katika jumba la makumbusho la Field, Chicago. Watu hubishania mpaka leo idadi ya waliokufa. Mimi nataka mshike jambo dogo tu: mnyama mwenye njaa ana usiku mzima wa kulizunguka boma lako, na anahitaji tundu moja.

Msiniambie kwamba hayo ni ya zamani. Mbuga hizi mbili za Tsavo, Mashariki na Magharibi, zilizotengwa mwaka 1948, zinapita kilomita za mraba 20,000, na sehemu kubwa ya mpaka wake ni mstari wa kwenye ramani. Ukame wa 2021 na 2022 ulipoua wanyama kwa wingi, waliobaki walitusogelea, kwa sababu sisi ndio tuliokuwa na maji na mbuzi. Na mbwa.

Chui anapenda mbwa. Msifikiri ni kosa la chui mmoja mwenye tabia mbaya. Huko India, mjini Mumbai, chui wanaishi katika Hifadhi ya Taifa ya Sanjay Gandhi, katikati ya jiji lenye mamilioni ya watu, na sehemu kubwa ya chakula chao ni mbwa wa mitaani. Mbwa ana ukubwa unaomfaa, hana pembe, na hubweka akajitangaza alipo. Chui huruka juu kiasi cha mita 3 akitaka. Fensi yako ya futi 6 haifiki hata mita 2. Kwake ni kizingiti.

Ndiyo maana nauchukia mnyororo. Mbwa asiyefungwa ana miguu. Atakimbilia mlangoni, ataingia chini ya gari, pengine atapona. Aliyefungwa ni chambo. Mnaomfunga ili awe mkali mnajidanganya vilevile: anakuwa mkali kwa watoto na kuku, na usiku hana la kufanya ila kupiga kelele mpaka kelele zikome. Na wale msiomwingiza mbwa ndani kwa sababu ya dini, siwalaumu hata kidogo, hilo ni jambo la kuheshimiwa. Lakini basi kibanda chenu kiwe imara kuliko cha mtu ambaye mbwa wake hulala jikoni.

Sasa kibanda chenyewe. Kwa mbwa mmoja wa kawaida, mita 2 kwa mita 1 na nusu hutosha, na kimo kiwe cha mtu kuinama akaingia kufagia. Chimbeni msingi wa sentimita 30 kuzunguka pande zote, mjaze zege. Juu ya msingi jengeni matofali mpaka usawa wa goti au zaidi kidogo, kisha weldimeshi, ule wavu wa chuma wa kuchomelewa, waya wake uwe na unene wa milimita 4 hivi. Matofali hayo ya chini msiyaruke ili kuokoa saruji. Chui akishindwa kuingia hutia mkono kwenye matundu na kuvuta anachokifikia, kwa hiyo mbwa anatakiwa alale nyuma ya ukuta, juu ya kitanda cha mbao kilichowekwa katikati, mbali na wavu. Juu kabisa wekeni weldimeshi ileile, na ichomelewe kwenye fremu, isifungwe kwa waya wa kufungia vyuma. Waya ule hushika kutu katika msimu wa mvua, ukavunjika kwa vidole.

Mlango ufunguke kwa nje. Mafundi wengi huuweka ufunguke kwa ndani kwa sababu ni rahisi kusukuma ukiwa na ndoo mkononi, lakini mnyama naye anasukuma. Ukifunguka kwa nje, akisukuma anaukaza kwenye fremu. Makomeo yawe mawili, moja juu na moja chini, na yawe ya kutiwa kufuli au pini. Komeo la kusukuma tu nyani hulifungua mchana kweupe, na huwa hana haja na mbwa, anataka ugali.

Na kibanda kikae karibu na dirisha la chumba chenu cha kulala. Najua mnakipeleka mwisho wa ploti ili kelele zisiwaamshe. Mbwa mnamfuga awaamshe, halafu mnamweka asikosikika!

Tukija kwenye ua, mtaanza na wavu. Wengi hapa mtatumia chenilinki, na ni chaguo jema: upepo unapita, mbwa anaona nje, na bei inafikika. Ila waya hupimwa kwa geji, na namba hizi huwachanganya vijana, kwa kuwa inavyopanda ndivyo waya unavyokuwa mwembamba. Geji 16 ni kama milimita 1.6. Geji 14 ni milimita 2. Geji 12 na nusu ni milimita 2.5. Mwenye duka atakuonyesha 16 kwanza kwa sababu ndiyo inayotoka haraka. Hiyo ni ya kuzungushia bustani ya sukuma. Fisi madoa ana kilo 60 na taya za kuvunja mifupa mikubwa. Geji 16 ataitafuna. Nunueni 12 na nusu kama mnaweza, 14 kama hamwezi, na kama hata 14 haiwezekani, punguzeni eneo la ua, msipunguze waya. Rahisi huvunja upishi. Wavu wa kuku sitaki hata kuusikia, isipokuwa kwa kazi moja nitakayoitaja.

Kimo kiwe futi 7 au 8, na sehemu ya juu iinamishwe kwa nje kiasi cha sentimita 40 hadi 50, nguzo zikiwa na mikono iliyopinda. Hapo fisi hapandi, mbwa mwenyewe haruki, na chui analazimika kufikiri. Sijasema hatoweza. Kama kuna mgunga au mwembe ambao tawi lake limeingia juu ya fensi, huo wavu wote ni kazi bure. Tawi likatwe, au fensi irudi nyuma. Angalieni pia tangi la maji lililo juu ya mnara, kuta za choo, na yale matofali mliyobakisha mkayapanga ukutani tangu nyumba imalizike.

Chini ndiko kwenye vita halisi. Ngiri huchimba, nungunungu huchimba, na tundu la ngiri fisi hulipanua kwa usiku mmoja. Mbwa wako naye hulitumia kutokea. Kuzika wavu ni kazi ngumu katika udongo wetu huu, ambao Februari huwezi kuuchimba bila mtaimbo. Kuna njia nyepesi na ni bora kuliko kuzika. Chukueni wavu wa upana wa sentimita 60, muulaze chini upande wa nje, ukingo mmoja ufungwe imara kwenye kitako cha fensi, kisha mfunike kwa mawe na udongo. Mnyama anayechimba huja mpaka fensi ilipo, huanza kuparua hapohapo, anakuta waya chini ya kucha. Kwa kawaida hafikirii kurudi nyuma hatua mbili aanze upya. Nyasi zikiota zikapenya kwenye matundu, wavu unashikwa na ardhi usitoke tena. Kama mbwa wako ni mchimbaji, mfanyie na ndani vivyo hivyo, hata kwa sentimita 30. Hapa ndipo wavu wa kuku unapopata kazi yake: ukanda wake wa chini, wa futi moja, huzuia watoto wa mbwa wasitoke kwenye matundu ya chenilinki, na nguchiro wasiingie.

Nguzo za mbao mchwa watazila. Hata zile zilizotiwa dawa, uliza zilitiwa dawa kweli au zilipakwa rangi tu. Kata ncha moja utazame kama dawa imeingia ndani. Nguzo za zege ni nzito na ghali kusafirisha, lakini mkishazisimamisha mmemaliza. Za bomba la chuma zinaoza pale zinapokutana na ardhi, kwa hiyo zege lipande juu ya udongo kidogo na lilazwe kwa mteremko maji yasituame. Shimo liwe la sentimita 60, na kwenye kona liwe refu zaidi, na kona ziegemezwe na mihimili. Ukichimba wakati wa kiangazi udongo hukudanganya, unashika nguzo mpaka unajisifu. Ngoja mvua za Novemba zije, ndipo utajua kina gani ulichimba.

Wako wenzenu ng'ambo ya mpaka waliotatua hili kwa akili ambayo mimi naionea wivu. Katika nyika ya Wamaasai kule Simanjiro, Tanzania, wafugaji pamoja na shirika la Tanzania People & Wildlife wamejenga maboma ya ng'ombe kwa chenilinki iliyofungwa kwenye nguzo zilizo hai, matawi ya miti ya jamii ya manemane. Unalichomeka tawi ardhini linashika mizizi. Mchwa hawaliharibu, linaongezeka unene kila mwaka, majani yake yanatoa kivuli, na kwa kuwa linaendelea kukua, ua unapanda wenyewe. Miti ya jamii hiyo imejaa Tsavo. Mnaikata kusafisha ploti, kisha mnakwenda Voi kununua nguzo. Chomekeni kabla mvua hazijaanza. Mwaka wa kwanza itahitaji nguzo chache za kusaidia, basi.

Michongoma pia ni myema, ikiwa mnayo subira ya miaka na maji ya kuinywesha mwanzoni. Ila michongoma peke yake ina matundu chini, kwa hiyo ipandeni nje ya wavu. Minyaa sikushauri mahali penye mbwa. Utomvu wake ukiingia machoni ni balaa, na mtoto wa mbwa hutafuna kila kitu.

Kuhusu umeme, nitasema kwa ukali, mnisamehe. Fensi ya umeme ya haki ina mashine yake. Inatoa mpigo mmoja wa volti elfu kadhaa karibu kila sekunde, na kila mpigo ni mfupi mno, chini ya sehemu moja ya mia ya sekunde. Unauma, unafukuza, na unakuachia nafasi ya kujitoa. Kuvuta waya kutoka kwenye soketi ya nyumba ukauzungusha kwenye fensi ni kitu kingine kabisa. Ile volti 240 haikatiki, misuli inakaza, aliyeshika haachii. Huyo anaweza kuwa mbwa wako, mtoto wa jirani aliyefuata mpira, au mama yako aliyekuja kuanika nguo. Nimesikia vijana wakilisema jambo hili kama ujanja. Atakayelifanya asinialike kwake.

Na hata mashine ya haki ina shida moja kwetu. Umeme lazima urudi kwenye mashine kupitia ardhi, na ardhi ya Tsavo ikikauka haiupitishi vizuri. Mnyama anagusa waya, hasikii kitu, anajifunza kwamba waya huo ni bure. Dawa yake ni kuweka waya mbili mbili, mmoja wenye umeme na wa pili uliounganishwa na ardhi, ili akigusa zote apate mshtuko bila kutegemea udongo. Pia zile fito za ardhini zichimbiwe mahali panapopata maji, kama pale maji ya kuogea yanapomwagika. Nyuzi hizo mkiziweka juu ya chenilinki na moja chini kwa nje, ua wenu umekamilika kuliko wa wengi. Ila majani yakigusa waya nguvu inapotea, kwa hiyo mfyeke kila baada ya mvua.

Kuna na hii mnayoniletea kwenye simu, fensi isiyoonekana, ambayo ni waya uliozikwa na kola inayomshtua mbwa akiukaribia. Chui havai kola. Tuendelee.

Taa zinazomulika kwa zamu, zile alizozibuni kijana Richard Turere kule ukingoni mwa mbuga ya Nairobi ili kufukuza simba kwenye boma la baba yake, ni msaada. Zifungeni. Lakini ziwe juu ya ua mzuri, maana mnyama anayekaa karibu na taa kila siku huizoea.

Tembo ni habari nyingine. Hakuna fensi ya mbwa itakayomzuia, na mbwa anayembwekea tembo kisha akakimbilia kwa bwana wake humletea tembo mlangoni. Ndiyo sababu nyingine ya kumfungia kibandani usiku. Maji msiyaweke karibu na fensi, kwa kuwa tembo huyanusa kiangazi akayafuata. Hapa kwetu Sagalla watu wamefanikiwa kuwapunguza kwa fensi ya mizinga ya nyuki, mradi wa Dk. Lucy King na shirika la Save the Elephants, mizinga ikining'inizwa kila mita 10 na kuunganishwa kwa waya. Inafanya kazi, nami naiheshimu. Lakini shambani, siyo uani kwenye mbwa! Nyuki wakikasirika, mtu anakimbia. Mbwa aliye ndani ya kibanda au kwenye mnyororo hana pa kwenda. Mwenye mizinga aweke mbwa mbali nayo, upande usio wa njia ya nyuki kwenda majini.

Jua nalo huua, tena hapa huua mbwa wengi bila mtu kusema. Februari na Machi joto la Voi hufika sentigredi 33 na 34 kivulini, na mbwa hatoki jasho kama sisi. Hujipoza kwa kuhema ulimi ukiwa nje, na jasho kidogo la nyayo. Joto lake la kawaida ni 38 hadi 39. Likipita 41 yuko hatarini. Ukuta wa mabati mnaoupenda kwa sababu unaficha ua na ni rahisi kusimamisha hukata upepo na kurudisha joto ndani, na mchana saa nane mbwa anabaki katikati ya joto la juu na la pembeni. Paa la kibanda likiwa la mabati peke yake, ni hivyo hivyo. Wekeni makuti juu ya weldimeshi, au kama ni mabati yainuliwe sentimita 20 hewa ipite kati. Upande wa magharibi ndio unaopigwa na jua la alasiri. Huo uzibeni kwa mbao au matete. Upande wa kusi uacheni wazi. Maji yawe kwenye mtungi wa udongo, mnene, uliochimbiwa nusu ardhini kivulini: haupinduki, na maji yake hayachemki kama ya kwenye sufuria.

Nyoka hazuiliwi na chenilinki, ukweli ni huo. Wavu wenye matundu ya milimita 6, wa nusu mita kutoka ardhini, utapunguza, lakini kinachosaidia zaidi ni usafi. Moma hulala kwenye majani makavu, swila hufuata panya, na panya hufuata chakula cha kuku mlichokimwaga. Ondoeni kuni zilizolundikwa kandokando ya ua, fyekeni mita 2 au 3 kila upande. Swila akimtemea mbwa machoni, mwosheni kwa maji mengi mara moja, kisha daktari wa mifugo. Msimpake dawa za kubahatisha. Kupe na mbung'o nao hawajui fensi. Mbwa akikonda ghafla na jicho likiwa na ukungu wa samawati, msishukiane uchawi, mpelekeni akapimwe nagana.

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba mnyama wa porini ndiye mkorofi. Fensi ina pande mbili, wanangu, na upande wa pili hamuufikirii. Mwaka 1994 kule Serengeti simba walianza kutetemeka na kuanguka kwa kifafa. Ulikuwa ugonjwa wa distempa, virusi vilivyotoka kwa mbwa wa vijiji vilivyozunguka hifadhi. Karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti walikufa, na ugonjwa ukavuka mpaka ukaingia Maasai Mara. Miaka michache kabla, mbwa mwitu walikuwa wametoweka katika nyika zile, na kichaa cha mbwa kilikuwa miongoni mwa yaliyowamaliza. Tsavo yetu bado ina mbwa mwitu, wachache. Mbwa wako anayetoka usiku akanusa mzoga mbugani na kurudi alfajiri anabeba vitu kwenda na kurudi. Achanjwe kichaa cha mbwa kila mwaka, achanjwe distempa, na jike ahasiwe kama hamtaki watoto, kwa kuwa akiwa kwenye joto madume ya mtaa mzima yatachimba chini ya ua kuliko fisi. Sumu msitege hata mkifiwa na mbwa watatu. Chui analindwa na sheria ya wanyamapori ya 2013, na hiyo nyama yenye sumu wataila tai, mbwa wa jirani, na mbwa wako mpya. Waiteni askari wa wanyamapori.

Limebaki geti. Mtu atajenga fensi ya kila nilichosema, kisha chini ya geti aache nafasi ya kupitisha kichwa, eti gari lisikwaruze. Mwageni kizingiti cha zege, nafasi isizidi sentimita 5. Mlango wa watu uwe na springi ya kujifunga wenyewe, kwa sababu kijana wa boda boda akileta gesi hafungi, na shangazi aliyekuja kusalimia hafungi. Nyumba zenye watoto zijenge milango miwili yenye kiuga kidogo katikati, mmoja ufungwe kabla mwingine haujafunguliwa.

Fundi akimaliza, msimlipe zilizobaki siku hiyo. Zungukeni ua kwa miguu, mkisukuma kila nguzo kwa bega na kuvuta wavu kwa chini kwa mikono miwili. Kisha ingia kibandani mwenyewe, mwenzako afunge makomeo, upige teke kila kona na kuusukuma mlango kwa mgongo. Palipocheza pawekewe alama kwa chaki, fundi arudi na mashine yake ya kuchomelea, ndipo mhesabu pesa.